Files ya Ubuntu na seva ya mafaili Lamu: inaunganisha upesi, ikikwama haisemi neno

Kinachopimwa hapa ni ile sehemu ya programu ya Files, ndani ya Ubuntu 24.04, inayofungua mafaili yaliyo kwenye kompyuta nyingine bila mtu kugusa terminali (dirisha la kuandikia amri). Imekuja na Ubuntu yenyewe, haina malipo wala usajili. Kwa duka la uchapishaji la Langoni au nyumba ya wageni ya Shela yenye kompyuta mbili tatu na moja kuukuu iliyogeuzwa seva kwa Samba (programu inayozipa kompyuta nyingine folda za pamoja), hiki ndicho chombo cha kwanza kushikwa. Katika kuunganisha ni kizuri. Katika kueleza kwa nini hakikuunganisha ni kibovu, na ubovu huo ndio unaompa fundi riziki.

Matumizi yake ni mepesi. Fungua Files, bofya Other Locations upande wa kushoto, na chini kabisa utaona kisanduku cha kuandikia anwani. Kwa seva ya Samba au Windows andika smb://192.168.1.10/hati, ambapo "hati" ni jina la folda ya pamoja. Kwa seva inayopokea SSH (njia salama ya kuingia kompyuta nyingine) andika sftp://jina@192.168.1.10/srv/hati. Kwa WebDAV (mafaili yanayotolewa kwa njia ya tovuti) yenye cheti anza na davs://. Kuanzia toleo la 47 la GNOME, mazingira ya dirisha ambayo Files ni sehemu yake, ukurasa huo unaitwa Network, kazi ni ile ile. Wanaotumia Linux Mint wataipata kwenye Nemo, programu yao ya mafaili, menyu ya File, halafu Connect to Server. Chini yake kuna GVfs, programu inayofanya muunganisho wenyewe, ile ile ya Files, kwa hivyo karibu yote yanayofuata yanawahusu na wao.

Usikae ukingoja alama ya seva ijitokeze yenyewe kwenye orodha. Ile orodha ya majirani ya zamani iliegemea SMB1, toleo la kwanza la itifaki ya SMB ambayo Samba na Windows huzungumza, na hiyo imezimwa karibu kila mahali. Anayejua nambari aandike nambari. Na nambari hiyo ifungwe kwenye rauta, ili seva ipewe ile ile kila inapowaka. Ukiacha hivi hivi, stima ikikatika na kurudi, rauta inaweza kuigawia seva nambari nyingine na 192.168.1.10 ikaangukia printa. Files itasema muunganisho umekataliwa, na huku seva ni nzima, imehama tu.

Ukishabofya Connect huja kidirisha cha kuuliza wewe ni nani: Anonymous au Registered User, kisha jina, Domain, nenosiri, na chini yake chaguo tatu za kulisahau nenosiri papo hapo, kulikumbuka mpaka utoke, au kulihifadhi daima. Hapa ndipo pana kasoro kubwa ya chombo chote. Ukikosea nenosiri, kidirisha hujifunga kisha kikarudi vile vile bila neno. Ukikosea jina la mtumiaji, hivyo hivyo. Akaunti ikiwa haijasajiliwa kwenye Samba, hivyo hivyo. Mambo matatu tofauti kabisa, jibu moja: kidirisha kitupu. Mtu huandika mara nne tano mpaka akaanza kuishuku kibodi.

Kwenye seva ya Samba, anza kushuku jambo hili: Samba ina daftari lake la manenosiri, si lile la kuingilia Linux. Mtumiaji aliyeundwa kwa adduser hajulikani na Samba mpaka aongezwe kwa

sudo smbpasswd -a jina

na waliokwisha sajiliwa wanaonekana kwa sudo pdbedit -L. Kwenye seva ya Windows, ile PIN ya tarakimu nne ya kufungulia kompyuta haipiti kwenye mtandao. Linatakiwa nenosiri kamili la akaunti, na ikiwa ni akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji ni anwani yake ya barua pepe. Sehemu ya Domain iachwe ilivyo kama ofisi haina domeni.

Mtego mwingine ni Anonymous. Seva inayopokea wageni itakukubali, folda itafunguka, utasoma kila kitu, kisha ukijaribu kuhifadhi unaambiwa huna ruhusa. Kuandika upya nenosiri hakusaidii, kwa sababu hakuna anayekuuliza: tayari umeshaunganishwa kama mgeni. Bofya alama ya kutoa iliyo kando ya jina la seva, kisha uingie upya kama Registered User. Jua pia kwamba Windows 11 toleo la 24H2 (Pro, Enterprise na Education) hudai kila mazungumzo ya SMB yatiwe saini, na mgeni asiye na nenosiri hana cha kutilia saini. Seva iliyokuwa ikifunguka bila nenosiri ikasita baada ya kusasishwa, dawa ni kufungua akaunti, si kulegeza ulinzi wake.

Na ukichagua kuhifadhi nenosiri daima, kumbuka limehifadhiwa wapi: kwenye programu ya Passwords and Keys. Nenosiri la seva likibadilishwa, fungua programu hiyo ufute lile kuukuu.

Sasa makosa yenyewe. Files huanza na maneno "Failed to mount Windows share", hata seva ikiwa ni Samba tupu isiyo na Windows ndani yake, hilo lisikubabaishe. Kinachofaa kusomwa ni mkia wa sentensi, na mikia mitatu ina maana tatu tofauti ambazo watu huzichanganya.

"Connection refused" ni habari njema kiasi. Kompyuta ya upande wa pili iko hai na imejibu, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti 445, mlango wa SMB. Nenda kwenye seva uangalie systemctl status smbd (smbd ndiyo huduma ya Samba). Ikiwa imekufa, endesha testparm, itakuonyesha mstari wa smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, ulioandikwa vibaya. Ikiwa smbd ni nzima, basi umeigonga kompyuta nyingine, na hapo unarudi kwenye habari ya nambari iliyohama.

"Connection timed out" maana yake pakiti zinaondoka na hakuna jibu la aina yoyote. Hii ni tabia ya fayawoli (kinga ya mtandao ya kompyuta) inayomeza kimya kimya. Ufw ya Ubuntu hufanya hivyo, na Windows hufanya hivyo pale mtandao wa ofisi uliposajiliwa kama Public badala ya Private. Kwenye seva ya Ubuntu ruhusu mtandao wa ndani pekee:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

"No route to host" huwapotosha hata mafundi, kwa kuwa wanakimbilia kuangalia njia kwenye rauta. Kompyuta zikiwa kwenye mtandao mmoja, kwa kawaida maana yake ni kwamba kompyuta yako imeuliza "nani mwenye nambari hii?" na hakuna aliyeitika. Andika ip neigh. Ukiona FAILED au INCOMPLETE mbele ya nambari ya seva, basi seva imezimwa, waya umechomoka, au Wi-Fi inawatenga watumiaji wasionane. Hili la mwisho ni la kawaida kwenye Wi-Fi ya wageni: rauta hufungua intaneti kwa kila mtu lakini hairuhusu simu ya mgeni kuiona laptopu ya mgeni mwenziwe. Ni ulinzi mzuri, ila karani akijiunga na Wi-Fi hiyo kwa bahati mbaya hataiona seva kamwe. Lakini ukiona REACHABLE na bado unaambiwa hakuna njia, seva pengine ni Fedora au ndugu zake: firewalld, fayawoli yake, hukataa kwa namna inayotokea upande wako kama "No route to host".

Ili kuthibitisha bila Files kuingilia kati:

nc -zv 192.168.1.10 445

Amri hii haijui majina wala manenosiri, inabisha mlango tu. Mlango ukifunguka, tatizo liko juu ya mtandao, na hapo zamu ni ya smbclient. Haiji na Ubuntu ya kawaida, kwa hivyo iweke mapema, siku intaneti ipo:

sudo apt install smbclient cifs-utils

Kisha smbclient -L //192.168.1.10 -U jina. Kile Files ilichokificha nyuma ya kidirisha kitupu, smbclient inakitaja kwa jina. NT_STATUS_LOGON_FAILURE ni jina au nenosiri. NT_STATUS_ACCESS_DENIED ni kwamba umetambuliwa ila hujaruhusiwa, angalia valid users ndani ya smb.conf na ruhusa za folda yenyewe kwa ls -ld. NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME, ambayo hutokea ukijaribu folda moja moja kwa smbclient //192.168.1.10/hati -U jina, ni kwamba folda ya pamoja kwa jina hilo haipo. Hapa wengi huandika njia ya diski, /srv/hati, badala ya lile jina lililo ndani ya mabano ya mraba kwenye smb.conf. Kama Files ingeonyesha mstari huu mmoja tu, nusu ya makala hii isingehitajika.

Jibu likianza na "protocol negotiation failed", au Files ikisema "Software caused connection abort", mshuku SMB1. Tangu Samba 4.11 ya mwaka 2019, upande wa mteja hauzungumzi chini ya SMB2 usipoambiwa. Sanduku kuukuu la kuhifadhia mafaili, au kompyuta ya Windows XP inayoendesha mashine fulani ya kazi, hujua SMB1 pekee. Unaweza kuandika client min protocol = NT1 chini ya [global] kwenye /etc/samba/smb.conf, na itafunguka. Sisi hatuipendekezi ila kwa kutolea mafaili kisha ukarudisha ilivyokuwa, kwa sababu SMB1 ndiyo iliyopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili na kudai fidia, mwezi Mei 2017. Kifaa kisichojua zaidi ya hapo kihamishwe mafaili kistaafu.

Kuna makosa ambayo hakuna programu itakayoyataja, na kwa Lamu hayo yana uzito wake. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na Wi-Fi ya 5 GHz huishia chumba ilimowashwa. 2.4 GHz hupenya zaidi, lakini nayo ikivuka kuta mbili inabaki na nguvu ya kutosha ujumbe wa simu, si ya kunakili folda ya picha. Dalili yake ni kuunganishwa bila tabu, orodha kuonekana, kisha kunakili kukwama katikati na dirisha zima kuganda. Hapo usiilaumu Samba. Pitisha waya, Cat 5e au Cat 6, ambao mwisho wake ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Waya nao una adui: hewa ya chumvi. Vishikizo vya shaba kwenye kichwa cha RJ45 hushika kutu, jozi moja inakatika, na muunganisho hauzimiki kabisa bali unashuka. Gigabiti inahitaji jozi zote nne, megabiti 100 inatosheka na mbili. Kwa hivyo sudo ethtool enp3s0 (weka jina la kadi yako kutoka ip a) ikionyesha Speed: 100Mb/s mahali pa 1000, kata kichwa, bana kipya, uangalie tena kabla ya kununua kitu chochote. Ukiona Link is Down na Link is Up zikifuatana ndani ya sudo dmesg, ni kisa hicho hicho katika hali mbaya zaidi. Vichwa vya waya unaopita darini au uani vinafaa kubadilishwa hata kabla havijalalamika.

Turudi kwenye Files. Muunganisho wake hauwi folda ya kawaida. Programu zisizoijua GVfs huuona kupitia njia ya namna hii:

/run/user/1000/gvfs/smb-share:server=192.168.1.10,share=hati

Nukta mbili, alama za sawasawa na mkato ndani ya jina moja. Programu za hesabu za zamani na skripti za kunakili akiba hujikwaa hapo, na ukitoka kwenye akaunti yako njia yote inapotea. Laptopu ikilala na kuamka, muunganisho unaweza kubaki kama maiti: jina la seva lipo kando, ukilibofya hakiji kitu. Jaribu gio mount -u smb://192.168.1.10/hati. Isipotii, pkill gvfsd-smb, kisha ungana upya. Hakuna haja ya kuizima kompyuta. Na mtandao ukikatika LibreOffice ikiwa imefungua hati, huacha faili lililofichwa linaloanza na .~lock. na kuishia na alama ya #. Mtu wa pili ataambiwa hati inatumiwa na mwenziwe hata kama mwenziwe ameshakwenda msikitini. Bonyeza Ctrl+H, hakikisha kweli hakuna aliyeifungua, futa hilo faili.

Kwa sababu hizo, kompyuta ya mezani inayotegemea folda ile ile kila siku isitegemee Files. Ipachikwe kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha folda na diski za kupachikwa, mstari mmoja:

//192.168.1.10/hati /mnt/hati cifs credentials=/etc/samba/hati.siri,uid=1000,gid=1000,vers=3.0,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0

Tengeneza /mnt/hati kwanza. Ndani ya hati.siri weka mistari miwili, username=jina na password=nenosiri, bila nafasi kando ya alama ya sawasawa, kisha sudo chmod 600 ili asiisome mwingine. Halafu sudo systemctl daemon-reload na sudo systemctl restart remote-fs.target. Usiache uid na gid: bila hizo mafaili yote yanakuwa ya root na karani hawezi kuandika. Usiache nofail: bila hiyo, asubuhi ambayo seva haijawashwa, kompyuta inaweza kukataa kuwaka vizuri. Na x-systemd.automount ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwani folda haipachikwi wakati wa kuwaka bali pale mtu anapoigusa mara ya kwanza, Wi-Fi ikiwa imeshashika. Jina la folda ya pamoja lenye nafasi huandikwa \040 mahali pa nafasi.

Njia hii nayo ina makosa yake, ila angalau ina nambari. mount error(13) ni nenosiri au ruhusa. mount error(2) ni jina la folda lililokosewa. mount error(115) ni poti 445 isiyofikika. mount error(112), "Host is down", ni ya uongo mara nyingi: seva iko juu, ila itifaki hazikukubaliana, na kubadilisha vers kwenda 2.1 au 2.0 huonyesha ukweli. Ukiambiwa "bad option" na kutajiwa programu saidizi ya mount, cifs-utils haijawekwa. Maelezo zaidi yako kwenye sudo dmesg | tail.

Upande wa SFTP, Files inastahili sifa. Inaita ssh ile ile ya mfumo, kwa hivyo funguo zako na ~/.ssh/config vinaheshimiwa bila kupanga upya. Tatizo la kawaida ni "Host key verification failed" baada ya seva kuwekwa Linux upya. Ukiwa na hakika ni seva yako, ssh-keygen -R 192.168.1.10, ingia mara moja kwa ssh kwenye terminali ukubali ufunguo mpya, kisha rudi Files. La pili ni la kuchekesha: ssh inaingia vizuri lakini SFTP inakataa, na amri ya sftp inasema "Received message too long" na nambari kubwa. Hapo kuna mtu ameweka salamu ya echo ndani ya .bashrc ya seva. SFTP husubiri data safi, ikapokea "Karibu". Ondoa salamu.

WebDAV ikikataa cheti, kabla ya kumtafuta aliyeweka cheti, angalia saa. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ya CR2032 imekufa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma kila stima inaporudi, na cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Andika timedatectl, betri yenyewe ni ya bei ndogo.

Kuhusu kuifikia seva ukiwa Malindi au Mombasa, Files haina kosa lakini wengi huipa kazi isiyo yake. Poti 445 isifunguliwe kwenye intaneti kwa hali yoyote. Na laini ya data ambayo rauta yake imepewa nambari kati ya 100.64 na 100.127 haifikiki kutoka nje hata ukiipanga rauta namna gani, maana nambari hiyo mnachangia na wengine. Tumia VPN (njia ya siri ndani ya intaneti): WireGuard kupitia seva ya nje, au Tailscale. Ikiwa VPN imeshika, folda inaonekana, mafaili madogo yanafunguka lakini makubwa yanaganda, punguza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WireGuard kutoka 1420 hadi 1280. Kisha tumia sftp:// badala ya smb://, kwani SMB huuliza na kujibiwa mara nyingi kwa kila folda, na kwenye laini ya simu kila swali linalipiwa kwa kungoja.